Mimi Hapa Sishuki

Tulikuwa tumeshaipita Ilula, tela likiwa na shaba kutoka Congo na jua likianza kuegemea upande wa Iringa tulikotoka, kijana alipopunguza mwendo, akawasha indiketa ya kushoto, akaliingiza lori kwenye uwanja wa changarawe kando ya barabara na kuvuta breki ya kuegeshea. Nilidhani anataka kujisaidia. Alizima injini, akatoa mikono kwenye usukani na kuiweka magotini.

“Mzee, mimi hapa sishuki.”

Mbele yetu ulikuwa mteremko wa mlima Kitonga.

Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila hajawa tayari, na kwamba akishaanza kuteremka hataweza kubadili mawazo katikati ya mlima. Alisema hayo kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Mimi nilitazama saa. Nilishuka bila neno, nikazunguka mbele ya kichwa cha lori, nikapanda upande wa kulia, naye akahamia kushoto. Nikauteremka mlima mwenyewe kama nilivyouteremka mara nyingi nisizoweza kuzihesabu.

Hadi Mikumi hatukusemezana. Tulipofika Mikumi nilimwambia jambo moja tu: dereva anayeogopa mlima akatafute kazi ya kuendesha magari ya harusi.

Neno hilo limenikaa kooni kwa wiki tano sasa.

## Daraja E na mzigo wa kweli

Kijana huyu alikuja kwangu akiwa na leseni yenye daraja E, la kuendesha malori, na cheti cha mafunzo. Sividharau vyuo. Sisi tuliojifunza kwa kuanza na utingo, tukifunga turubai na kulala chini ya tela miaka mitatu kabla ya kugusa usukani, tuna mazoea mabaya ya kuwacheka waliosoma, wakati mambo mengi waliyofundishwa darasani sisi tuliyajua baada ya kuharibu mali za watu. Lakini chuoni alikuwa ameendesha lori tupu, na lori tupu na lori lenye mzigo ni magari mawili tofauti yenye namba moja ya usajili.

Kwa hiyo anayeanza ajue kwamba siku za kwanza za mafunzo ya barabarani atatumia muda mwingi zaidi chini ya gari kuliko ndani yake. Kila asubuhi tulilizunguka lori pamoja kabla jua halijatoka, nikiwa na rungu na yeye akiwa na tochi. Tairi lenye upepo ukiligonga hulirudisha rungu mkononi mwako. Tairi lililopungua upepo hulimeza. Hii ni muhimu hasa kwa tairi la ndani katika zile zilizopangwa mbilimbili, kwa sababu la nje hulibebea aibu yake, na kwa macho utaona yote mawili yamesimama vizuri mpaka siku yatakapopasuka kwa pamoja. Nilimwonyesha nati ya gurudumu iliyokuwa na mstari mwembamba wa kutu unaochirizika kuelekea ukingoni. Akasema ni kutu ya mvua. Nikampa spana. Ilizunguka karibu nusu mzunguko kabla haijakaza.

Tangu siku hiyo sikuhitaji kumwambia azitazame nati.

Alijifunza pia kuvuta waya mdogo chini ya mitungi ya upepo ili kutoa maji yaliyojikusanya humo, na kutega sikio kwenye mipira inayounganisha kichwa na tela, kwani breki zetu zinafanya kazi kwa upepo, na upepo unaovuja Dar es Salaam ni upepo utakaoutafuta Kitonga.

## Mizani

Mizani sitakaa nayo sana, ingawa mwanafunzi atakaa nayo sana. Kati ya Vigwaza mkoani Pwani na Mpemba karibu na mpaka wa Tunduma ataingia foleni za mizani mpaka azichoke, na atagundua kwamba gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakamatwa. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori kama letu lenye ekseli sita linaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye zile mbili za nyuma ya kichwa na tani 24 kwenye tatu za tela, ambazo jumla ni tani 50. Shaba ndiyo mwalimu mzuri wa hesabu hii. Ukiiona juu ya tela unaweza kudhani umeibiwa nusu ya mzigo: mafungu machache ya chini-chini, na mbao tupu zinaonekana kila upande. Ukilisogeza fungu moja hatua mbili mbele, ekseli za kichwa zinalalamika. Kijana aliyaelewa haya haraka kuliko nilivyoyaelewa mimi.

Kupiga rivasi na tela, kinyume chake, kulimtesa. Ukitaka tela liende kulia unakata usukani kushoto, na akili ya binadamu haijaumbwa hivyo. Kwenye yadi moja alijaribu mara tisa mbele ya madereva waliokaa wakinywa chai, kila mmoja akiwa na ushauri wake wa kumpigia kelele. Atakayeanza kazi hii ajiandae kwa hilo pia. Watazamaji wa rivasi hawakosekani hata porini.

## Kiti cha kushoto

Sehemu ninayotaka kuieleza kwa utulivu ni hii, kwa sababu ndiyo iliyonihukumu baadaye.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na njia yote hiyo, pamoja na Zambia yote, tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Congo unahamia kulia. Lori halihami, usukani wake unabaki kulia, na dereva sasa amekaa upande wa ukingo wa barabara, ambako anaona vizuri sana majani na mitaro na haoni chochote kilicho mbele ya gari analotaka kulipita. Anayeona ni aliyekaa kushoto.

Huko nililiendesha lori kwa macho ya kijana. Hakuna namna nyingine. Unasogea taratibu kuelekea katikati ya barabara, na mwenzako anachungulia na kusema: “Bado. Bado. Bado, pikipiki. Sasa.” Ukisikia “sasa” unakanyaga mafuta, na roho zenu mbili na mzigo wa watu vinapita kwenye neno lile moja. Siku ya kwanza alisema “sasa” mapema mno, tukarudi nyuma ya lililo mbele yetu huku jasho likitutoka, na sikumgombeza. Nilimweleza kwamba asipokuwa na uhakika aseme “bado”, hata mara ishirini, hata kama nimekasirika, kwa kuwa “bado” haijawahi kumwua mtu.

Nilimwambia hivyo mimi, kwa kinywa changu.

Alilishika neno hilo. Tulikaa nyuma ya lori moja la makaa kwa muda mrefu sana huku akirudia “bado” bila kuona haya, na mimi nikanyamaza na kumwamini. Tulipofika Lubumbashi, wapakiaji wakitutania kwa Kiswahili chao kitamu ambacho kijana alikuwa akikisikia kwa mara ya kwanza, niliwaambia kwamba huyu nimempata, huyu ana macho.

Siku kadhaa baadaye, juu ya Kitonga, alisema “bado” nyingine.

## Foleni, usingizi na fedha

Kati ya Lubumbashi na Kitonga kuna mengi ambayo mwanafunzi haambiwi. Kuna foleni ya Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha forodha kimesaidia, lakini bado unaweza kulala na kuamka malori yamejipanga vilevile, na posho ya safari inaliwa na siku ambazo gurudumu halizunguki. Mwanafunzi huwa wa mwisho kulipwa na wa kwanza kutumwa maji. Kuna kulala wawili ndani ya kichwa kimoja, ambako mtu hujifunza kukoroma kwa adabu. Kuna lugha ya indiketa: lori lililo mbele yako likiwasha kulia linakuambia usipite, likiwasha kushoto linakuambia njia ni nyeupe, na mwanafunzi atapaswa kujua kwamba huo ni wema wa dereva mwenzake, si kibali, na kwamba akipita akagongwa hataulizwa indiketa ya mtu. Kuna majani mabichi yaliyotandazwa barabarani usiku, yanayokuambia mbele kuna lililoharibika. Chuoni wanafundisha pembetatu yenye kung’aa, na ni sahihi kabisa, lakini barabara hii inaongea kwa majani.

Na kuna uchovu. Jamaa niliyewahi kusafiri naye, ambaye sasa anaendesha lori Marekani, aliniambia kwa simu kwamba kule sheria inamkataza kupita saa 11 za usukani kabla ya kupumzika saa 10 mfululizo, na kifaa ndani ya gari kinaandika kila dakika. Nilimwonea wivu. Kisha nikamsimulia habari ya Kitonga, nikitegemea atacheka pamoja nami. Alikaa kimya, halafu akasema kwamba alipokuwa mafunzoni aliteremka mlima mmoja wenye theluji huku mkufunzi wake akiwa macho pembeni, na alikuwa na haki ya kusema hawezi, imeandikwa, ila alishindwa kuitamka. Mashine inayopima saa za mtu ipo, aliniambia, ya kupima aibu haijatengenezwa.

Baada ya simu ile sikulala vizuri.

## Nilivyoteremka mimi

Kwa sababu mimi nilishuka.

Ilikuwa mwaka 2004, na aliyekuwa akinifundisha alikuwa dereva wa miaka mingi, hodari, mcheshi, ambaye sitamtaja hapa kwa kuwa hayupo tena kujitetea. Nilikuwa nimehama kutoka utingo na kuanza kupewa usukani kwenye tambarare. Juu ya Kitonga, tukiwa na mzigo, hakuniuliza kama niko tayari. Alisema: “Toa gia. Iache fri ijitembeze.”

Waliomo katika kazi hii wanajua kwa nini. Wengi wetu tuliamini kwamba lori likiteremka bila gia halili mafuta kama linavyokula likiwa na gia, na mafuta yasiyoliwa yana wateja wake usiku. Wakati huo nilijua habari za wateja. Sikujua kwamba injini iliyo kwenye gia ndogo ndiyo inayolishika gari mlimani, na ukiitoa gia umeziachia breki peke yake kazi ya tani zote zile.

Nilitoa gia.

Mwanzoni ilikuwa raha, lori likiteleza kimya kama mtumbwi. Kona ya kwanza nilikanyaga breki, ya pili nikakanyaga tena, na katikati ya kona sikuweza kuinua mguu kabisa. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata joto, dramu inatanuka na kuzikimbia lainingi zake, na unavyozidi kukanyaga ndivyo unavyozidi kutumia upepo bila kupata kitu. Nilisikia harufu kabla sijaelewa. Ni harufu ya kitu kama nywele na lami, ukiisha kuipata huisahau. Mshale wa upepo ulikuwa unashuka. Nilijaribu kurudisha gia, ikasaga, ikakataa. Kwa mwendo ule haikuwa na jinsi ya kuingia.

Tuliokolewa na mlima wenyewe, uliokuwa umekaribia kuisha. Lori lilipoteza kasi kwenye tambarare ya chini, likasimama huku magurudumu ya tela yakifuka moshi. Nilikimbilia dumu la maji. Mwalimu wangu alinishika mkono kwa nguvu, akasema dramu yenye moto ikimwagiwa maji hupasuka. Tukakaa chini ya mbuyu tukingoja ipoe.

Baada ya muda aliniuliza, na wala hakuwa na hasira: “Kwa nini hukusema huwezi?”

Sikuwa na jibu. Lilikuwepo moja tu, kwamba nilitaka anione dereva.

## Lawama na mashaka

Nimejaribu kujitetea kwa wiki hizi tano, na baadhi ya hoja zangu si za kipuuzi. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyekataa kila kitu: alikataa rivasi, alikataa usiku, alikataa mvua, na mwishowe ikajulikana kwamba alichokitaka ni posho na kiti. Mkufunzi anayekubali kila “siwezi” hatatoa dereva hata mmoja. Lori lililosimama nalo lina hatari yake, na mteja hangoji mioyo ya watu itulie. Hata siku ile ofisi, inayotuona kwenye kompyuta yake kama vidoa vinavyotembea, ilipiga simu tulipofika Mikumi kuuliza kwa nini gari lilisimama karibu na Ilula.

Nilijibu kwamba tulikuwa tunakagua tairi.

Nikiukumbuka uongo ule mdogo, hoja zangu zote zinalegea. Niliusema kwa sababu niliona haya kwa niaba yake, na haya hiyo haikuwa na mahali pa kusimama. Alichagua mahali papana kabla ya mteremko kuanza. Aliwasha indiketa, na taa zote nne baada yake. Tulipokuwa tunabadilishana viti aliweka jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele, ambayo niliyapiga teke nikiwa na hasira. Alifanya kila nilichomfundisha, kwa utaratibu nilioufundisha, na jambo pekee aliloongeza kutoka kwake ni ukweli kuhusu hali yake, ambao mimi nilipokuwa na umri wake ulinishinda na nusura uniue.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na kijana anayekwenda kuanza mafunzo ya barabarani ategemee nini, nitamwambia habari za rungu, za mizani, za foleni na za “bado”. Nitamwambia pia kwamba siku moja atakaa karibu na mtu mzima aliyechoka, mwenye simu inayolia, na atapaswa kumwambia neno ambalo yule mtu hataki kulisikia. Huenda akaambiwa la magari ya harusi. Aliseme hivyohivyo, na aliseme kabla ya mteremko.

## Safari ya pili

Nilimpigia simu. Alipokea kwa woga, alidhani nimeshamfuta. Nilimwambia tunapakia wiki ijayo, na nikamwomba radhi kwa la harusi, jambo ambalo si rahisi kwa mtu wa makamo kumfanyia kijana, na yeye kwa adabu yake akajifanya amelisahau.

Safari hii, tukirudi na shaba, mimi ndiye niliyemwambia aegeshe palepale kwenye changarawe. Alizima injini. Nikamweleza kwamba gia ya kushukia huchaguliwa hapa, gari likiwa bado linakutii, na iwe ndogo kuliko ile ambayo ungepandia. Kwamba injini ndiyo ishike, na breki ya mguu iwe ya kukanyaga kwa uzito na kwa muda mfupi, kisha uiachie ipumue. Kwamba mshale wa upepo autazame kama anavyotazama barabara. Nikamwambia vilevile kwamba nilishawahi kushuka hapa kwa fri. Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Ikawaje?”

Nikamsimulia yote, hata dumu la maji.

Alinyamaza kidogo, akatembea hadi ukingoni, akachungulia bondeni, akarudi. Akaondoa mawe. Akapanda kiti cha kulia.

Alichagua gia ndogo mno. Niliona hivyo, nikaumeza ulimi. Tuliteremka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, taa nne zikiwaka, nyuma yetu basi moja likipiga honi kana kwamba mlima ni wa baba yake. Kijana hakuliangalia. Alikanyaga, akaachia, akahesabu kimoyomoyo, akakanyaga. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakandamiza zulia ambalo halina pedali yoyote. Mshale haukutikisika sana, na nilitega pua kona zote bila kupata harufu.

Ruaha Mbuyuni alisimamisha lori, akashuka kabla yangu na kulizunguka akisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, kuanzia la mbele kushoto hadi aliporudi palepale.

“Vuguvugu,” alisema.

Kisha akavuka barabara kwenda kwa wauza vitunguu. Mama mmoja alimtajia bei ya neti ndogo, yeye akataja nusu yake, mama akaapa kwamba bei hiyo haiwezekani hata kwa ndugu yake wa tumbo moja. Kijana akamshukuru vizuri, akageuka kurudi kwenye lori. Aliitwa kabla hajaifikia lami.